Kufuli la Makoroboi

Kufuli ni lile lile,
zito, la shaba, lenye kovu la nondo ubavuni
la usiku ule wezi waliposhindwa.
Miaka kumi na moja lilifunga duka letu Makoroboi:
bobini, mikanda, sindano namba kumi na nne,
cherehani za watu zilizosubiri kutibiwa.
Sasa linafunga kuku saba.

Tulifika Kayenze mwezi wa kumi,
mvua bado zinajishauri.
Lugembe akapima shamba kwa uzi mweupe,
uzi wa kushonea sare za shule,
kutoka jiwe hadi jiwe,
ili matuta yanyooke.
Mama Nshoma, jirani, akasimama na jembe begani,
akatazama weee,
akacheka mpaka akakaa chini:
“Baba, viazi havivai shati.”

Tukapanda hivyo hivyo, vikanyooka.

Usiku Milembe alikuwa akiamka kutafuta swichi.
Nasikia kiganja kikipapasa udongo wa ukuta.
“Mama, huku LUKU inaisha lini?”
“Huku haijaanza.”
Tukacheka gizani, mimi na yeye.
Yeye akaacha kwanza.

Ziwa liko hapo, ukikohoa linakusikia,
lakini dumu moja la maji ni kazi:
sukuma gugumaji kwa mti, chota kabla halijarudi,
panda kijiwe, chemsha, chuja.
Na siku wadudu wa ziwa walipokuja kama moshi wa gari bovu
nilifunga mlango, nikafunika sufuria,
bado tuliwatafuna kwenye ugali.
Sita akasema wana ladha ya dagaa.
Akaongeza tonge.

Kuku walikuwa kumi na tisa.
Kideri kiliingia Jumatatu, Alhamisi kikaaga.
Lugembe, aliyezoea kuinamia cherehani iliyokwama
akasikia inaumwa wapi,
alimweka tetea sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.
“Huyu hana skrubu,” akasema,
akaenda kuchimba shimo.

Halafu kiboko.
Alipanda kutoka majini usiku usio na mwezi,
akafuata mistari ya mume wangu mmoja baada ya mwingine,
kama mtu aliyeandaliwa meza.
Asubuhi nyayo zake zilikuwa mabeseni yenye maji.
Lugembe akakaa juu ya jiwe, mgongo kwetu.
Sikumwita.

Nikapanda jiwe kubwa, lile lenye mtandao,
nikampigia wifi yangu Kabula.
Maneno nilikuwa nimeshayapanga:
tutafutie chumba, hata kile cha Mabatini
ambacho mvua huingia kabla ya mwenye nyumba.
Simu inaita. Mimi natazama chini.

Milembe anauokota uzi kwenye tope,
anauzungushia kijiti, taratibu,
anaukata palipooza, anaunga.
Sita nyuma yake, suruali imelowa hadi mapajani,
anafukia marando yaliyokanyagwa.
Mama Nshoma ameshafika, hakuna aliyemwita,
sauti yake inapanda hadi nilipo:
“Fukia tu, mwanangu. Marando hayana kinyongo.”

“Haloo? Haloo?” Kabula sikioni.
“Mnarudi lini jamani?”
“Mtandao unakata,” nikasema.
Haukuwa unakata.

Jioni Lugembe akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani,
akakigeuza, akangoja.
Matone mawili yaliyobaki akalipa kufuli.
Likafunga bila kelele, kama zamani,
na kuku saba wakajibana kwenye fito
wakinung'unika habari zao.

Funguo ziko mbili.
Mmoja nimeuvaa shingoni.
Wa pili niliuacha Makoroboi kwa muuza vitenge,
anitunzie.
Kila Jumamosi napita pale na mayai.
Ananiuliza, “Ufunguo wako je?”
Namwambia, wiki ijayo.